Majina Tunayopachikana: Kutoka Antiokia hadi Jumuiya Zetu

Kila mmoja wetu ana jina alilopewa siku ya Ubatizo wake, nalo limeandikwa katika kitabu cha parokia. Hata hivyo, parokiani, kazini na mitaani, watu huitana pia kwa majina yasiyomo katika kitabu hicho. Wapo wanaoitwa kwa chama cha kitume walichojiunga nacho, wapo wanaoitwa kwa namna wanavyosali, na wapo wanaoitwa kwa timu ya mpira wanayoishabikia. Baadhi ya majina hayo huchekesha na kujenga udugu. Mengine huuma, na yakirudiwa kila Jumapili humfanya mtu aone ni afadhali abaki nyumbani kwake.

Katika makala hii tunapenda kutazama historia ya majina ya utani ndani ya Kanisa na nje yake, kisha tujiulize ni wajibu gani alionao mwenye kumpachika mwenzake jina. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini tutaona kwamba hata jina letu la Wakristo lilianza kwa kupachikwa na watu wa nje, na kwamba Bwana wetu mwenyewe alionja uchungu wa kuitwa kwa dhihaka.

Jina lililozaliwa Antiokia

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuambia kuwa wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia (Mdo 11:26). Tuangalie vema jinsi habari hiyo ilivyoandikwa: haisemwi kwamba wanafunzi walijiita hivyo, bali kwamba waliitwa. Wao kwa wao walijulikana kama ndugu, wanafunzi, watakatifu, au watu wa Njia ile (Mdo 9:2). Wapinzani wao waliwaita kwa jina jingine, madhehebu ya Wanazareti, kama tunavyosikia katika mashitaka ya Tertulo dhidi ya Mtume Paulo (Mdo 24:5).

Antiokia ulikuwa mmojawapo wa miji mikubwa kabisa ya Dola ya Kirumi, wenye watu wa lugha na dini nyingi. Katika mji wa namna hiyo, kila kundi hupewa jina. Neno lenyewe limeundwa kwa mtindo uliotumiwa kuwataja wafuasi au washabiki wa mkubwa fulani. Ndivyo Injili ya Marko inavyowataja Maherode, yaani watu wa upande wa Herode (Mk 3:6). Kwa hiyo, masikioni mwa wenyeji wa Antiokia, Mkristo alikuwa ni mtu wa kundi la huyo aitwaye Kristo. Halikuwa jina la heshima. Katika Agano Jipya lote neno hili linapatikana mara tatu tu: hapo Antiokia, katika maneno ya mfalme Agripa kwa Paulo (Mdo 26:28), na katika Waraka wa Kwanza wa Petro. Katika waraka huo, Mtume anawahimiza waamini kwamba mtu akiteswa kwa sababu ni Mkristo asione haya, bali amtukuze Mungu kwa jina hilo (1Pet 4:16). Asingeona haja ya kuwaambia wasione haya kama jina lenyewe lisingetumiwa kuwaaibisha.

Miaka ilivyopita, jina hilo likawa sababu ya kufa. Mnamo mwaka 112, Plinio Mdogo, liwali wa jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano akiuliza, pamoja na mambo mengine, kama watu waadhibiwe kwa kubeba jina hilo tu, au kwa makosa yaliyodhaniwa kuambatana nalo. Mwaka 177, katika madhulumu ya mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, shemasi Sanctus aliulizwa jina lake, taifa lake na mji alikotoka. Kwa kila swali alitoa jibu lile lile moja: kwamba yeye ni Mkristo. Lile jina la kupachikwa lilikuwa limechukua nafasi ya jina lake, ukoo wake na nchi yake.

Huu ni ushindi wa ajabu. Watesi walitoa jina ili kudharau, na mashahidi wakalipokea kama taji. Ndiyo maana Kaisari Yuliano, aliyetawala kati ya mwaka 361 na 363 na kutaka kuirudisha dini ya miungu, hakupenda kutumia neno Wakristo. Aliwaita Wagalilaya, ili waonekane watu wa kijijini wasio na elimu. Kufikia wakati wake jina la Antiokia lilikuwa na heshima mno, na mwenye nia ya kudhihaki ilimpasa atafute lingine.

Bwana aliyetoa majina, na majina aliyopewa

Yesu mwenyewe aliwapa rafiki zake majina. Simoni alimwita Kefa, yaani Mwamba (Yn 1:42). Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, aliwaita Boanerge, wana wa ngurumo (Mk 3:17). Ni vigumu kutotabasamu tukikumbuka kwamba ndugu hao wawili ndio waliotaka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze wanakijiji wa Samaria waliokataa kuwapokea (Lk 9:54). Bwana aliifahamu hasira yao. Jina alilowapa liliutaja udhaifu wao bila kuwavunjia heshima, na hakuwaacha walivyo: Yohane huyo ndiye ambaye Kanisa linamkumbuka kama mhubiri mkuu wa upendo.

Mitume nao walimfuata Bwana katika desturi hiyo. Mlawi mmoja wa Kipro aliyeitwa Yosefu walimpa jina Barnaba, maana yake mwana wa faraja (Mdo 4:36). Jina hilo likamfaa hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Barnaba huyo ndiye aliyetumwa Antiokia, akamtafuta Saulo, nao wawili wakakaa mwaka mzima wakifundisha, mpaka mji ukawaita wanafunzi wao Wakristo. Kumbe, wakati watu wa nje walipolipachika Kanisa jina, ndani ya Kanisa alikuwapo kiongozi ambaye naye alibeba jina la kupewa, lakini alilipewa kwa upendo.

Kwa upande mwingine, Bwana wetu alipokea majina ya dhihaka. Walimwita mlafi na mlevi, rafiki wa watoza ushuru na wakosefu (Mt 11:19). Walimwita Msamaria, wakaongeza kuwa ana pepo (Yn 8:48). Tusipite haraka hapa. Lile tusi la kuwa rafiki wa wakosefu, leo ndilo tumaini letu sote tunapokwenda kwenye kiti cha kitubio. Na yule Msamaria, ambaye jina lake lilikuwa tusi, Yesu alimfanya kuwa mfano wa jirani mwema. Lakini kwamba Mungu aweza kugeuza tusi kuwa baraka hakumwondolei lawama aliyetukana.

Mashirika yetu na lakabu zake

Historia ya mashirika ya kitawa nayo imejaa majina ya namna hii, na si waamini wote wanaojua asili yake.

Tuanze na Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Alibatizwa kwa jina la Yohane. Baba yake, Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa na biashara Ufaransa, ndiye aliyemwita Francesco, yaani Mfaransa. Hivyo basi, jina linalobebwa leo na maelfu ya watawa na waamini walei lilikuwa jina la utani la nyumbani. Kwa ajili ya ndugu zake, Fransisko alichagua jina lenye unyenyekevu: Ndugu Wadogo. Katika mji wake, neno hilo la wadogo lilitumiwa kwa watu wa tabaka la chini, wasio na cheo. Fransisko alilichagua kwa makusudi, mtu asipate cha kuwapachika ndugu hao chenye kuwashusha zaidi ya hapo.

Karne tatu baadaye, mwaka 1525, Matteo da Bascio alianza nchini Italia mageuzi ya kurudia maisha ya ufukara kama alivyoyaishi Fransisko. Yeye na wenzake walivaa kanzu yenye kikofia kirefu cha ncha, kinachoitwa kwa Kiitaliano cappuccio. Watu walipowaona barabarani waliwaita kwa kikofia hicho, na ndiyo asili ya jina Wakapuchini. Papa Klementi VII alilikubali tawi hilo mwaka 1528, na lile jina la barabarani likaingia katika jina rasmi la shirika: Ndugu Wadogo Wakapuchini. Hata kahawa yenye maziwa iitwayo kapuchino ilipata jina lake kwa rangi ya kanzu yao. Tanzania inawajua vema ndugu hao. Askofu Mkuu Edgar Maranta, aliyeliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam kabla ya Kardinali Laurean Rugambwa, alikuwa Mkapuchini.

Wajesuiti wana historia inayofanana na ile ya Antiokia. Shirika la Mtakatifu Inyasi wa Loyola liliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1540, na jina lake rasmi hadi leo ni Shirika la Yesu. Neno Mjesuiti lilikuwapo kabla ya shirika hilo, likitumika kwa kejeli kumtaja mtu anayelitajataja jina la Yesu kupita kiasi. Wapinzani waliwapachika wanashirika hao wapya. Inyasi mwenyewe hakulitumia. Wenzake walilizoea kidogo kidogo, wakaona hakuna aibu katika kuitwa kwa jina la Yesu, na leo wanalitumia bila shida yoyote.

Nao Wadominiko, kwa kucheza na sauti za Kilatini, waliitwa mbwa wa Bwana, yaani mbwa walinzi wa kundi la Kristo. Wao walilipenda jina hilo, na wachoraji wakawa wanachora mbwa mwenye mwenge mdomoni karibu na Mtakatifu Dominiko. Mmoja wa wana wa shirika hilo, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alikuwa mnene na mkimya darasani. Mapokeo yanasema wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu. Mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, aliposikia hayo aliwaonya kwamba mlio wa ng'ombe huyo siku moja ungesikika ulimwenguni kote. Tomaso akawa Mwalimu wa Kanisa. Lakini tujiulize: ni vijana wangapi wakimya, katika shule na seminari, waliopachikwa majina kama hilo na hawakumpata Alberto wa kuwatetea?

Kwetu Afrika Mashariki, lakabu ijulikanayo zaidi ni ile ya White Fathers, yaani Mapadre Weupe. Wengi hudhani jina hilo lilitokana na rangi ya ngozi za wamisionari kutoka Ulaya. Sivyo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Alitaka wamisionari wake wafanane kwa mavazi na watu wa Afrika Kaskazini waliotumwa kwao, ndipo wakavaa kanzu nyeupe na joho jeupe, na rozari shingoni. Weupe uliotajwa ni weupe wa kanzu. Jina lao rasmi ni Shirika la Wamisionari wa Afrika, na leo sehemu kubwa ya vijana wanaojiunga nalo ni Waafrika. Kwa sababu hiyo jina rasmi ndilo lililo bora kutumika, hasa tunapozungumza na watoto ambao hawajaijua historia hiyo.

Uganda wanalo jina jingine lenye utamu wa pekee. Padre Siméon Lourdel, wa shirika hilo hilo, alifika pwani ya Ziwa Nyanza huko Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879, pamoja na Bruda Amans. Kwa Kifaransa padre huitwa mon père, yaani baba yangu. Waganda wakalitamka kwa namna yao: Mapeera. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka tunda la mpera, lakini jina hilo ni neno la mtoto kwa baba yake. Katika baadhi ya Mashahidi wa Uganda wapo waliofundishwa na kubatizwa na huyo Mapeera, na hadi leo Waganda humtaja kwa jina hilo kuliko lile aliloandikiwa na wazazi wake.

Majina ya ndugu zetu wa madhehebu mengine

Ni haki tuwatazame pia ndugu zetu tusio na umoja kamili nao, kwa kuwa katika jambo hili wao nao wamepachikwa, na mara nyingine waliowapachika ni sisi.

Neno Waprotestanti lilitokana na pingamizi lililotolewa na watawala kadhaa katika mkutano wa Speyer, Ujerumani, mwaka 1529. Jina la Walutheri lilianza vinywani mwa wapinzani, na Martin Luther mwenyewe aliwasihi wafuasi wake wasijiite kwa jina lake. John na Charles Wesley na wenzao huko Oxford, Uingereza, walichekwa kwa kupanga sala, mfungo na kuwatembelea wafungwa kwa ratiba kali, wakaitwa Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Wafuasi wa George Fox waliitwa watetemekaji na hakimu mmoja mwaka 1650, kwa kuwa Fox alisema watu wapaswa kutetemeka mbele ya Neno la Mungu. Wao hujiita Marafiki, na majirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua kwa jina hilo tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902.

Lipo pia jina la walokole. Asili yake ni neno la Kiganda lenye maana ya waliookolewa, na lilienea pamoja na uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ndani ya Kanisa la Kianglikana. Waamini wa uamsho ule walilipokea kwa furaha. Je, sisi tunalitumiaje? Mara nyingi tunalitamka kwa kukunja pua, kana kwamba kuokolewa ni jambo la kuchekesha. Nao baadhi yao hutuita waabudu sanamu, jambo linalotuumiza kwa sababu si kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Uekumene ya mwaka 1964, unatutaka tujitahidi kuondoa maneno, hukumu na matendo yasiyoieleza hali ya ndugu zetu kwa haki na ukweli (namba 4). Hatuwezi kulalamika juu ya jina la uongo tunalopewa ilhali tunatoa majina ya namna hiyo.

Viwanjani: watani wa jadi

Tukitoka kanisani siku ya Jumapili, mazungumzo ya wengi huhamia kwenye mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Jina Yanga lenyewe ni matamshi yetu ya Young Africans. Simba waliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Mashabiki wa upande mmoja hujivunia kuwa Wekundu wa Msimbazi au Mnyama, na wa upande wa pili kuwa Wananchi au Wana Jangwani. Kila upande pia unao msamiati wa kumkejeli mwenzake, na hatuna haja ya kuurudia hapa.

Watangazaji huziita timu hizi watani wa jadi. Maneno haya yana maana kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa yametoka katika desturi ya wazee wetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani aliruhusiwa kumwita mwenzake majina ambayo mtu mwingine yeyote angeyasema ingekuwa ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na deni. Msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyetarajiwa kufika na kusaidia kazi za mazishi, na utani wake uliwafuta machozi wafiwa. Aliyekucheka jana, leo alikuzikia baba yako.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya utani na dharau. Utani umefungwa na udugu na wajibu, na kila upande una haki sawa ya kujibu. Dharau hutoa jina na kuondoka zake. Shabiki anayemkejeli jirani yake Jumamosi jioni na kumpelekea uji hospitalini Jumatatu ni mtani. Yule anayefurahia kuumia kwa mwenzake si mtani, hata akitumia neno lile lile.

Mfano mwingine unatoka Argentina. Mwaka 1908, Padre Lorenzo Massa, Msalesiani wa Buenos Aires, aliwaona vijana wakicheza mpira barabarani, mahali pa hatari. Aliwapa uwanja wa kituo cha vijana cha Wasalesiani, akawataka nao wahudhurie Misa. Hivyo ikazaliwa timu ya San Lorenzo. Wapinzani waliwaita kunguru, kwa sababu ya kanzu nyeusi za mapadre. Mashabiki wa San Lorenzo wakalichukua jina hilo, nao wanajiita kunguru hadi leo. Mmoja wao alikuwa kijana Jorge Mario Bergoglio, ambaye baadaye tulimjua kama Papa Fransisko. Timu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini mwaka 2014, walimpelekea kombe Vatikani. Kanzu iliyochekwa iligeuka alama ya shukrani kwa padre aliyewajali watoto wa mtaani.

Parokiani mwetu

Sasa turudi katika jumuiya zetu. Mama Kanisa ana matawi mengi ya kiroho na ya kitume: WAWATA, UWAKA, VIWAWA, Legio ya Maria, Utoto Mtakatifu, Wafransisko walei, Karismatiki Katoliki na vingine. Utajiri huu ni kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini tusifiche ukweli kwamba mara nyingine vyama hivi hutazamana kama mashabiki wa timu zinazopingana.

Wanakarismatiki ni mfano ulio wazi. Uamsho huo ndani ya Kanisa Katoliki ulianza mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, na mapapa waliofuata wameukubali na kuulea. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya karama. Hata hivyo, wapo waamini wanaowaita ndugu hao walokole wa Kikatoliki au wapiga kelele. Nao wapo wanakarismatiki wanaowaita wengine waamini baridi au wakristo wa mazoea. Kwa njia hiyo, mama aliyepata faraja katika kikundi cha sala baada ya kufiwa hujikuta hana mahali pa kukaa kanisani, na mzee aliyesali rozari kwa miaka hamsini huambiwa kwamba hajampokea Roho. Wote wawili wameumizwa kwa neno moja tu.

Mtume Paulo aliuona ugonjwa huu Korintho. Huko waamini walijigawa, mmoja akijiita wa Paulo, mwingine wa Apolo, mwingine wa Kefa, na mwingine hata wa Kristo (1Kor 1:12). Paulo hakufurahi kuona kwamba ana mashabiki. Aliwauliza kama Kristo amegawanyika, na kama ni Paulo aliyesulibiwa kwa ajili yao. Swali hilo lingefaa kuulizwa katika mkutano wowote wa halmashauri ya walei.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu humwita kila mtu kwa jina lake, na kwamba jina la kila mtu ni takatifu kwa sababu linabeba hadhi yake (namba 2158). Inatuonya pia dhidi ya hukumu za haraka, masengenyo na masingizio yanayoharibu sifa njema ya jirani (namba 2477-2479). Bwana wetu alikuwa mkali zaidi: alimweka anayemwita ndugu yake kwa neno la dharau karibu na mwuaji (Mt 5:22). Wahenga nao walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Je, basi, tuache kutaniana? Hapana. Parokia isiyo na kicheko ina ubaridi wake. Tunashauri tu kwamba, kabla ya kumwita mtu au kikundi kwa jina la kupachika, tujiulize maswali machache. Je, wenyewe hulitumia jina hilo kwa furaha? Je, ningelitamka wakiwapo, mbele ya watoto wao? Je, nao wana uhuru wa kunitania? Na zaidi ya yote, wakipatwa na msiba, je, nitakuwa miongoni mwa wa kwanza kufika? Pale jibu linapokuwa hapana, jina hilo si utani tena, na lililo jema ni kuliacha, na ikibidi kuomba msamaha. Viongozi wa jumuiya, makatekista na walezi wa watoto wana wajibu wa pekee, kwa sababu jina likishatamkwa na kiongozi mara moja, wengine hulichukua kama ruhusa.

Kwa wale waliopachikwa majina yaliyowaumiza, tunawakumbusha wanafunzi wa Antiokia na shemasi Sanctus wa Lyon. Jina jema hung'ara gizani, na maisha mema yana nguvu ya kulisafisha hata jina baya. Lakini hamlazimiki kunyamaza. Mwendeeni aliyewaita hivyo, mkazungumze naye peke yake kama Injili inavyoagiza (Mt 18:15), na mkimpata atakuwa ndugu.

Kitabu cha Ufunuo kinamwahidi yule ashindaye jiwe jeupe lenye jina jipya, ambalo hakuna alijuaye isipokuwa yeye anayelipokea (Ufu 2:17). Jina hilo Mungu anamwandalia kila mmoja wetu, na pia yule jirani tuliyemcheka. Tuliheshimu tangu sasa, hata kabla hatujalijua.